Ukuta wa Taifa na Neno la Shukrani

Nchi hii msiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walifika mpakani wakaambiwa wasubiri kwanza mgeni rasmi aje auzindue mpaka, wakasubiri hadi wino ukakauka chupani, wakarudi kwao. Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo, na ina mito mingi yenye maji mengi na tabia mbaya. Kila masika mito hiyo hubomoa kingo zake na kuondoka na chochote kilichokuwa juu yake, iwe shamba, iwe kaburi, iwe nyumba ya mtu.

Na ina Ukuta. Sikusema kuta, nimesema Ukuta. Nchi nyingine, kwa ubadhirifu wao, kila mto unaomomonyoa ardhi huujengea ukuta wake, ukakaa hapo hapo mwaka mzima bila shughuli nyingine. Wakubwa wa nchi hii waliposikia hayo walicheka mpaka wakashika mbavu. Wao walinunua ukuta mmoja tu, mzuri, wa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ambavyo mainjinia huviita gabioni. Alhamisi unapangwa kwa winchi ukingoni mwa mto fulani, Jumamosi mgeni rasmi anauzindua, Jumapili unapakiwa kwenye malori kwenda kulinda mto mwingine. Kwa njia hiyo kila mto nchini umeshazinduliwa ukuta. Wageni kutoka ng'ambo walipouliza mbona mawe ya mto huu yanafanana sana na mawe ya mto ule, hata lenye ufa ni lile lile, walijibiwa kwamba hivyo ndivyo viwango vya kitaifa.

Mtu aliyeufahamu Ukuta huo kuliko hata aliyeujenga ni Zuberi Kapalata, mshereheshaji wa Wizara ya Mito, Kingo na Uzinduzi. Kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti na kuomba makofi. Alikuwa na sauti, mashallah, ya kuamsha watu waliolala usingizi wa shibe. "Makofi kwa Mheshimiwa! Makofi kwa zulia alilokanyaga Mheshimiwa! Hayo makofi gani hayo, hamjanywa chai?" Na watu walipiga. Siku moja alialikwa kusimamia ratiba ya mazishi, akajisahau, akamwombea marehemu makofi, na marehemu akapigiwa vizuri sana. Wizarani walisema kijana huyu atafika mbali.

Kuhusu yanayotokea mtoni siku ya Jumatatu, Ukuta ukishaondoka, Zuberi hakuwahi kuuliza. Jumatatu yeye alikuwa barabarani, na Alhamisi alikuwa mto mwingine, amesimama juu ya jukwaa jipya, anajaribu vyombo: "Moja mbili, moja mbili, mnanisikia huko nyuma?"

*

Mama yake, Bi Mwanjaa, aliishi Kitopeni, kando ya Mto Mvumo, katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Zuberi hakuwa amefika huko tangu arobaini ya baba yake. Si kwamba hampendi mama yake, la hasha. Ni ratiba tu. Mtu akishaajiriwa na ratiba, ndugu zake huwa ni wale waliomo ndani ya ratiba.

Masika yalipoanza, simu zikaanza.

"Zuberi, choo kimekwenda."

"Kimekwenda wapi, mama?"

"Kimekwenda na maji. Ulidhani kimekwenda sokoni?"

"Pole, mama. Serikali iko mbioni."

Baada ya siku kadhaa ikawa ni jiko. "Jiko nalo limeaga, mwanangu. Kile kinu cha bibi yako nimekiona kinaelea, kinakwenda zake, hata hakikugeuka nyuma." Zuberi akasema pole, serikali iko mbioni. Kisha mama akapiga kusema kwamba akifungua dirisha la nyuma anauona mto chini yake kabisa, na chumba alicholala marehemu baba yake Zuberi kimeanza kupasuka pembeni. Safari hii Zuberi alisogea kwanza mbali na jukwaa, ndipo akasema kwamba serikali iko mbioni.

Na kweli ilikuwa mbioni, maana ratiba mpya ilipotoka, mto uliofuata ulikuwa Mvumo, na kijiji kilikuwa Kitopeni.

Bi Mwanjaa alipiga simu kabla Zuberi hajamaliza kuisoma. Furaha yake ilijaa mpaka simu ikawa inakoroma.

"Nimesikia kwa mtendaji! Mwanangu unaniletea ukuta! Nimeshawatangazia watu wote. Mama Kashindi alikuwa ameshafunga virago ahamie kwa dada yake, nimemwambia afungue. Nimemwambia, mwanangu ndiye mwenye ukuta, utahamaje?"

"Mama, subiri kwanza..."

"Nisubiri nini tena? Nilikuwa nimeshatoa kitanda cha baba yako nje, nimekirudisha ndani. Mungu akuzidishie, mwanangu. Akupe na mke."

Simu ikakatika. Zuberi akaitazama ratiba upya. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ndugu katika upande wa Jumatatu.

*

Alimwendea Injinia Sospeta Lwanda, Msimamizi Mkuu wa Ukuta, aliyekuwa ofisini anakunywa chai kwa maandazi.

"Mkuu, nilikuwa nauliza tu. Huu Ukuta hauwezi ukabaki Kitopeni hata masika haya tu?"

Injinia aliliweka andazi chini. "Zuberi, ndugu yangu, umelala vizuri? Ukuta ukibaki Kitopeni, Jumamosi ijayo Mheshimiwa atazindua nini? Upepo?"

"Ni kwamba mama yangu nyumba yake iko pale pale ukingoni."

"Oo. Pole sana." Na Injinia alimaanisha, maana alikuwa mtu mwenye huruma. "Lakini kila mto una mama wa mtu, Zuberi. Tungekuwa tunawasikiliza wote, tungekuwa na kuta ngapi sasa hivi?"

Zuberi aliondoka na neno hilo kichwani. Alianza kukumbuka akina mama wa mito mingine. Yule wa Mto Kijivu aliyempa ndizi mkungu mzima kwa furaha ya ukuta. Yule aliyembusu mikono. Wote aliwaambia wapige makofi, na wote walipiga.

Malori yakafika Kitopeni Alhamisi, winchi ikapanga vikapu ukingoni, mstari mrefu uliopita nyuma ya nyumba ya Bi Mwanjaa na ya Mama Kashindi na ya wengine wote wa upande ule. Lazima nikiri kwamba Ukuta ulikuwa mzuri na ulifanya kazi yake. Mto ulikuja kwa hasira zake za kila siku, ukajigonga kwenye mawe, ukazunguka, ukaenda zake taratibu. Jioni ile nyumba haikutetemeka. Bi Mwanjaa alitembea juu ya mawe na kanga yake kiunoni, akiyagusa moja moja. Akamtazama mwanawe, akalia kidogo, akacheka.

Zuberi hakuweza kumwambia jioni ile. Alimwambia asubuhi ya Ijumaa, mama akiwa barazani na ungo wa mchele mapajani, anachambua chuya. Alimwambia yote: Alhamisi, Jumamosi, Jumapili, malori. Maneno yalimtoka kwa shida, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno.

Mikono ya Bi Mwanjaa ilisimama.

"Kwa hiyo ni ukuta wa kuazima. Kama suti ya bwana harusi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimewafungulisha watu virago."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiwe unayewaombea makofi, huko kote unakopita."

Zuberi aliangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vya wizara. Aliona aibu kuwa navyo miguuni.

Mama akarudi kwenye mchele wake. Akatoa chuya tatu nne. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Hiyo hafla yenu inakwisha saa ngapi?"

"Haina saa, mama. Inakwisha likishatolewa neno la shukrani. Mwananchi mmoja wa kawaida anasimama, anaishukuru serikali, akimaliza ndiyo hafla imefungwa."

"Na kabla haijafungwa?"

"Kabla haijafungwa hakiondoki kitu. Si kiti, si turubai, si jiwe. Ni mwiko wa itifaki. Wakati fulani walimwondolea balozi meza kabla ya wakati, supu ikabaki mapajani."

"Huyo mwenye kushukuru, akikawia, anakatizwa?"

"Thubutu! Kuna Sheria ya Shukrani. Mshereheshaji aliyenitangulia alimkatiza mzee mmoja aliyekuwa anamshukuru Kiongozi Mkuu. Mzee alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye kuvishukuru viatu vya Kiongozi, naye Kiongozi alikuwa anasikiliza kwa raha. Yule mshereheshaji akahamishiwa mkoa usio na bahari, analinda mnara wa kuongozea meli. Mpaka leo yuko juu huko. Anayeishukuru serikali hakatizwi na mtu, labda anyamaze mwenyewe."

Bi Mwanjaa akapepeta ungo. "Neno la shukrani, nipangie mimi."

Zuberi akadhani mama anataka japo kijiheshima kidogo mbele ya majirani kabla aibu haijamfika. Akaona ndicho kitu pekee anachoweza kumpa. Akampangia.

*

Jumamosi jua lilitoka likiwa limepangwa na wizara. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Profesa Injinia Pontiani Gwabula, alishuka kwenye gari akapokewa kwa ngoma, akavishwa shada, akaketi kwenye kiti chenye foronya ya dhahabu. Kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi! Mto huu ulikuwa umezoea vibaya! Umezoea kuchukua bila kuomba! Nauliza, je, mto huu una elimu gani? Haujasoma! Serikali yenu imesoma! Leo nauambia mto, mbele ya vyombo vya habari: mwisho wako ni hapa! Na kama haukuridhika, uandike barua, upitie ngazi husika!"

"Makofi!" akasema Zuberi, na sauti yake ilikuwa na kutu kidogo. Watu wakapiga. Mama Kashindi alipiga mpaka bangili zikamkatika, maskini, maana virago vyake alikuwa ameshavifungua vyote.

Mheshimiwa akakata utepe. Pilau ya wageni ilikuwa tayari nyuma ya turubai, harufu yake ikianza kutembea miongoni mwa watu. Malori yalishageuzwa vichwa kuelekea barabarani. Kilichobaki ni kitu kidogo tu.

"Sasa," akasema Zuberi, "namkaribisha mwananchi wa kawaida, Bi Mwanjaa, atupe neno fupi la shukrani."

Bi Mwanjaa alipanda jukwaani amevaa kanga mpya. Akakipokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Akamshukuru Mungu. Akaishukuru serikali. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akajiandaa kuinuka.

"Baada ya kuishukuru serikali kwa ujumla wake," akaendelea Bi Mwanjaa, "sasa nataka niishukuru kwa kirefu. Maana mimi si mtu wa kukosa adabu. Nianze na jiwe lile la mwanzo kule chini. Naishukuru serikali kwa jiwe lile. Ni jiwe zito. Waliolibeba ni akina nani? Nawashukuru. Mama zao waliowazaa, nawashukuru. Mkunga aliyewapokea, popote alipo, nasema ahsante. Sasa nije kwenye jiwe la pili."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mheshimiwa akacheka pia, akarudi kukaa. Ilikuwa shukrani nzuri kuliko zote alizowahi kushukuriwa. Alimwagiza mwandishi wake asikose kitu.

Alipofika kwenye jiwe la kikapu cha tatu, Mheshimiwa alikuwa ameacha kucheka. Alipofika kwenye waya, na kumshukuru aliyeubuni waya, na ng'ombe waliofungiwa ndani ya waya wa kwanza, pilau ilikuwa imepoa. Mama Kashindi, ambaye hakuwa mjinga, aliyatazama malori yale yaliyogeuzwa vichwa, akamtazama Bi Mwanjaa, na mdomo wake ukafunguka polepole. Akawanong'oneza wenzake. Akina mama wote wa ukingoni wakasogea mbele, wakakaa chini, wakanyoosha miguu kama watu waliokuja kukaa.

Jua likapinda. Jenereta ikakohoa, ikazimika. Bi Mwanjaa akaweka kipaza sauti chini, akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ndiyo Zuberi aliirithi.

Mheshimiwa akamwita Zuberi kwa kidole. "Wewe. Huyu bibi atamaliza lini?"

"Sijui, Mheshimiwa. Bado yuko kwenye matairi ya lori."

"Mkatize."

"Mheshimiwa, Sheria ya Shukrani..."

"Sheria inamhusu anayekatiza. Kama mshereheshaji ametangaza tu kwamba amemaliza, nani atasema hajamaliza? Panda pale, sema 'tunamshukuru mama yetu, hafla imefungwa'. Basi. Jumanne unakuwa mkurugenzi." Kisha akaongeza kwa upole, "Ukishindwa, ule mnara una vyumba viwili."

Zuberi akapanda jukwaani. Mafundi wa winchi walishavaa glovu. Bi Mwanjaa alimwona anakuja. Hakunyamaza, lakini alipunguza mwendo, na macho yake yakawa yanamtazama mwanawe wakati mdomo wake unaendelea kuyashukuru matairi. Uso wake ulikuwa umekauka kwa kiu. Kwa nyuma yake Zuberi aliiona nyumba, dirisha la nyuma, na ule ufa wa chumba cha baba yake, unaotosha mkono kupita.

Akaugeukia umati.

"Wananchi," akasema Zuberi, "mama yetu ana kiu. Aletewe maji, apewe na kiti. Kisha aendelee, maana ninavyoona mimi, serikali hii bado haijashukuriwa hata nusu. Makofi!"

Nimehudhuria hafla nyingi, lakini makofi ya namna ile sikuyasikia tena. Kunguru wote wa Kitopeni waliruka. Mheshimiwa Gwabula naye alipiga, angefanyaje, kamera zilikuwa zinamtazama.

Bi Mwanjaa alipochoka sauti, alimpisha Mama Kashindi, ambaye naye ni mwananchi wa kawaida, akaanza upya na jiwe la mwanzo kwa sababu, alisema, mwenzake alilishukuru kwa juu juu. Baada ya Mama Kashindi akapanda mwingine. Wanasheria wa wizara wakaletwa, wakasoma Sheria ya Shukrani kwa mbele na kwa nyuma, wakakuta hakuna mahali panapotaja mwisho. Wakashauri kitu kimoja tu: kwamba mgeni rasmi anaweza kuwakilishwa na picha yake. Picha ikaletwa ikakalishwa kwenye kiti cha foronya ya dhahabu, askari akawekwa kuishikia mwavuli, na Mheshimiwa akarudi mjini na njaa yake.

*

Hafla hiyo mpaka naandika haya inaendelea.

Madereva wa malori walisubiri, wakachoka kusubiri, wengine wakaoa pale pale Kitopeni. Ukuta haujagusika, maana ni kifaa cha hafla na hafla haijafungwa. Mto umeshajaribu mara nyingi, ukarudi nyuma. Bi Mwanjaa amejenga choo kipya na jiko jipya, na ufa umezibwa kwa udongo.

Wizara haikuweza kukaa bila kitu cha kuzindua, basi ikanunua ukuta wa pili, ikaupeleka Mto Kijivu. Yule mama wa mkungu wa ndizi akaomba atoe neno fupi la shukrani. Bado anatoa. Zikanunuliwa kuta nyingine, za mito mingine, na kila mahali palikuwa na mama mwenye shukrani nyingi moyoni. Sasa hivi nchi ina kuta karibu kila mto, na hakuna hata mmoja uliopangwa ubaki. Mheshimiwa Gwabula alikwenda ng'ambo kuwasilisha mada iitwayo Mpango wa Hafla Endelevu, akarudi na nishani. Tumpongeze.

Na Zuberi? Ukurugenzi ulimpita kando. Hata mnarani hawakuweza kumpeleka, kwa sababu mshereheshaji naye ni kifaa cha hafla. Haondoki. Analala chumba cha marehemu baba yake, kile kilichokuwa na ufa. Asubuhi anachota maji, anapanda jukwaani, anampokea mama wa zamu. Mchana anakula wali na mama yake barazani, na mama yake anamlalamikia kwamba hajaoa. Viatu vya wizara vimeshaisha soli.

Zamu ya Bi Mwanjaa ni alasiri. Zamani alikuwa na mengi, lakini shukrani nazo huisha. Ameshalishukuru kila jiwe, kila msumari wa jukwaa, mbu waliopungua na mbu waliobaki. Juzi alipanda akasimama kimya kwa muda, mpaka yule askari wa mwavuli akageuka kumtazama, na fundi wa winchi mmoja, kwa mazoea tu, akatafuta glovu zake. Zuberi akasogea karibu, roho mkononi.

"Naishukuru serikali," akasema Bi Mwanjaa hatimaye, taratibu, bila kutazama picha wala watu, "kwa kunirudishia mwanangu nyumbani."

Katika yote aliyoyasema pale juu tangu siku ile ya kwanza, hili peke yake halikuwa na mzaha ndani yake. Watu walisubiri. Mikono ilikuwa tayari hewani. Na mshereheshaji, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alisahau kuomba makofi.